Baiskeli ya Umeme na Daftari Lisilosomeka

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inamhusu sana Mkenya anayenunua baiskeli ya umeme kwa mara ya kwanza. Aghalabu baiskeli hiyo humfikia ikiwa ndani ya katoni, usukani umelazwa ubavuni, gurudumu la mbele na makanyagio yakingoja kufungwa. Daftari limo katonini, ila mara nyingi limeandikwa kwa Kiingereza cha kiufundi au kwa Kichina. Mwenye mali ana daftari lakini hana habari.

Wapo wanaodai kuwa hilo si tatizo kwa kuwa fundi wa mtaani atajua la kufanya. Dai hilo ni kweli nusu. Fundi wa baiskeli anajua fika kwamba kanyagio la kushoto hukazwa kinyume na mwendo wa saa, na kwamba kulilazimisha upande mwingine ni kuharibu hesi zake. Betri ya lithiamu, hata hivyo, haimo katika uzoefu wake wa miaka mingi. Betri ya kawaida ya aina hiyo yenye volti 36 huchajiwa hadi volti 42, ilhali chaja ya betri ya volti 48 hutoa takriban volti 54.6. Plagi za chaja hizo mbili zaweza kufanana na kuingiana. Anayetumia chaja isiyofaa huhatarisha betri, nyumba na uhai. Onyo limechapishwa kijitabuni, lakini onyo lisiloeleweka si onyo.

Hasara huanza hata kabla ya katoni kufunguliwa. Mnunuzi huambiwa dukani kuwa betri ni "kubwa", naye akaridhika. Laiti angeelezwa kwa lugha yake kwamba volti huzidishwa kwa saa za ampea, angetambua kuwa betri ya volti 36 na saa za ampea 10 huhifadhi wati-saa 360, na ile ya volti 48 yenye saa za ampea hizo hizo huhifadhi 480. Vivyo hivyo katika vifaa vya ziada: taa inayounganishwa na betri kuu sharti ilingane na volti inazopewa, na kerea ina uzani usiopaswa kuzidishwa. Kofia ngumu, kufuli na kengele hazihitaji hesabu, ila hizo nyingine zinahitaji maelezo.

Sheria haijanyamaza kuhusu suala hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Habari isiyosomeka haitimizi haki hiyo.

Kuna wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hiyo haina mashiko. Neno bodaboda halikuundwa na kamati yoyote. Lilizaliwa na waendeshaji baiskeli waliowavusha abiria mpakani mwa Kenya na Uganda, nalo leo limeenea Afrika Mashariki. Mafundi nao wana cheni, spoku, ringi na breki. Kilichopungua si maneno, bali ni wasomi wa kuketi nao na kuyaandika. Istilahi inayoundwa ofisini pasi na kumsikiliza anayeshika spana huishia kamusini.

Kwa hivyo, wanafunzi wa Kiswahili vyuoni hawana budi kuutoa usomi wao nje ya makongamano. Hawahitaji kuanza na kamusi nzima. Waanze na ukurasa mmoja, ulioandikwa pamoja na fundi na kukaguliwa na mhandisi, ambao muuzaji ataweza kuutia katika kila katoni. Ukurasa huo ueleze jinsi ya kusoma nambari za betri, chaja ipi itumike, kanyagio lipi hukazwa upande upi, na breki zijaribiwe vipi kabla ya safari ya kwanza. Lugha inayoweza kumwepusha mtu na moto haitahitaji tena kutetewa kwa hotuba.