Moto Mzuri Si Kilo Sita

Wasee, kuna watu wanapiga pesa hapa mtaani kwa sababu sisi tulisoma hali za maada kama shairi. Kigumu kina umbo na ujazo wake, kioevu kina ujazo lakini umbo kinaazima kwa chombo, gesi haina chochote kati ya hivyo viwili. Tukaandika kwa mtihani, tukapewa maksi, tukasahau. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, na hakuna siku mtu alinionyesha huo mstari ukifanya kazi jikoni.

Chukua mtungi wa gesi wa kilo 6. Jina linakudanganya, juu ndani si gesi tupu. Ni propani na butani zimeshindiliwa hadi zikawa kioevu, ndiyo maana ukitingisha unasikia kitu kinacheza. Kioevu kimekaa chini, na juu yake gesi imejaza nafasi yote iliyobaki, iwe kubwa iwe ndogo. Ukifungua jiko, ile ya juu inatoka, kioevu kinachemka kidogo na kurudisha ilichopoteza. Butani inachemka karibu na nyuzi 0, propani nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hivyo hata Nairobi ya Julai, na vile hupiga baridi, kwao ni joto la kutosha.

Sasa hapo ndipo unachezwa. Presha ya ndani inategemea joto na mchanganyiko wa gesi, si kiasi cha kioevu kilichobaki. Mtungi wenye kilo 6 na wenye kilo 3 itawaka karibu sawa kabisa. Muuzaji anakuwashia hapo dukani, moto wa bluu, wewe unatabasamu, unalipa, boda anabeba. Umepimiwa kitu ambacho hakiwezi kukuambia chochote. Na ile sili ya plastiki juu ya valvu? Sili haina kilo.

Gesi ikiisha mapema, nani analaumiwa? Si muuzaji. Kwa ploti yetu dada mmoja wa kazi alifutwa ati anachemsha maji ya kuoga kwa gesi ya mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuweka huo mtungi kwa mizani. Mtu alipoteza mshahara juu ya hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita angefanya.

Mama zetu mchezo wa ujazo wanaujua zamani. Wanaiangalia gorogoro chini kabla mahindi hayajamwagwa, kwa sababu kopo likigongwa likaingia ndani, linabeba kidogo na bado linaonekana limejaa. Kila punje ina umbo lake, lakini rundo lote linafuata kopo. Kwa mahindi macho yanatosha. Kwa mtungi wa chuma utaona nini?

Wengine watanijibu ati napigia kelele mia mbili tatu, tusisumbue watu wa biashara ndogo. Biashara ndogo ya nani? Anayekuibia kilo 2 ndiye huyo huyo anayehamisha gesi kwa mtungi usiku nyuma ya nyumba za watu. Lita moja ya kioevu hicho ikitoroka inakuwa zaidi ya lita 200 za gesi, na ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini kama maji ikitafuta moto. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 Embakasi iliona gesi ikitoroka ni nini. Watu walikufa, mamia wakaumia, wengi wao walikuwa kwao tu.

Kwa hivyo acha kuomba uwashiwe. Kwa mtungi, pale juu kwa kola ama kwa mshikio, kumeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ikiwa ni 7.4, ongeza 6, mizani isome 13.4. Kama uko nao nyumbani tayari, mwagia ubavuni maji ya vuguvugu kisha upapase: penye kioevu patabaki baridi, penye gesi pekee patapata joto. Maji ya vuguvugu nimesema, si moto, tafadhali, najua watu wangu.

Na muuzaji akikuambia mizani imeharibika, muulize imeharibika tangu lini.