Namba Moja kwa Mfanyabiashara Mdogo

Katika maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi wilayani Temeke hadi Tegeta na Bunju wilayani Kinondoni, ni kawaida kukuta kibao cha fundi au cha duka la vifaa vya ujenzi kikiwa na namba mbili au tatu za simu, kila moja ya mtandao wake. Mazoea hayo yana chanzo. Kwa miaka mingi kupiga simu kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa kuwa kampuni ya anayepiga huilipa kampuni ya anayepokea ada ya maunganisho. Na ingawa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliishusha ada hiyo kutoka shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013 hadi shilingi 10.40 mwaka 2019, laini nyingi zilikwisha kuota mizizi, hasa kwa kuwa kila mtandao ulikuja na huduma yake ya fedha.

Gharama ya mtawanyiko huo humwangukia mwenye biashara. Agizo hufika WhatsApp kwa namba moja, ujumbe wa malipo huingia kwenye nyingine, na mteja anayepiga ya tatu huikuta haipatikani, akaenda kwa jirani. Tena kijana wa dukani anapoacha kazi na simu yake, huondoka na orodha ya wateja.

Simu ya intaneti, yaani huduma inayogeuza sauti kuwa vipande vidogo vya data na kuvisafirisha kwa njia ya intaneti, inaweza kuondoa tatizo hili, kwa sababu namba haifungwi kwenye laini wala kwenye kifaa kimoja, bali hutunzwa kwenye seva, ambayo ni kompyuta ya mtoa huduma. Namba hiyo moja huweza kuita dukani Mbagala na papo hapo kwenye simu janja ya mwenye duka aliyekwenda Kariakoo kufuata mzigo, huku meseji na simu zisizopokelewa zikikusanywa mahali pamoja ambapo wote wawili wanaziona. WhatsApp pekee haitoshi, kwani mteja mwenye kitochi hawezi kuipigia, ilhali namba ya simu ya intaneti iliyounganishwa na mitandao ya kawaida hupokea simu ya yeyote.

Sera ya nchi imekwisha kuelekea huko. Mfumo wa leseni wa mwaka 2005, usiobagua teknolojia, uliruhusu sauti kupita kwenye intaneti, na tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Hatua hiyo ya pili ilimwezesha mteja kubaki na namba yake, lakini haikumpa uwezo wa kuitumia kwenye vifaa kadhaa kwa pamoja.

Tahadhari zinahitajika. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini kote. Kwa hiyo laini moja ya kawaida lazima ibaki, na simu zielekezwe huko kila intaneti inapokosekana. Vilevile, anayekusanya mazungumzo ya wateja mahali pamoja anabeba wajibu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nao wajibu huo haupungui kwa sababu duka ni dogo.

Kinachobaki ni huduma yenyewe kumfikia anayeihitaji kuliko wote. Simu za namna hii hazipaswi kuonekana kuwa kifaa cha ofisi kubwa za Posta na Masaki tu. TCRA iwahimize wenye leseni kuiuza kwa vifurushi vya siku na vya wiki, vinavyolipiwa kwa pesa za simu, kwa maelekezo ya Kiswahili na bila sharti la kununua mitambo. Fundi wa Chamazi anastahili kupatikana kwa namba moja kama anavyopatikana meneja wa benki, kwa maana kila simu inayompotea ni kazi inayompotea.