MGENI WA MWAKA NA MZURU WA MAULIDI

Kila ufikapo mwezi wa Julai barabara itokayo mjini Unguja kwenda Makunduchi hujaa magari ya kila namna. Hupita daladala zilizosheheni wenyeji wanaorudi kwao. Hupita magari ya Serikali yaliyowabeba wakubwa. Hupita pia mabasi madogo ya makampuni ya utalii yaliyowabeba watu kutoka nchi za mbali, ambao baadhi yao wameambiwa asubuhi ile ile hotelini kwamba leo kuna jambo la kutazama. Wote hao wanakwenda kwenye Mwaka Kogwa, na wote hupokewa kwa jina moja la wageni. Hata hivyo, wageni hao hawafanani, na kwa maoni yetu kutowatofautisha ndiko kunakoanza kutuletea dosari katika sikukuu zetu.

Tuanze na Makunduchi kwenyewe. Mwaka Kogwa ni siku ya kuuosha mwaka uliopita na kuupokea mpya. Wanaume wa pande mbili za mji hupambana kwa mashina ya migomba na kutoana kinyongo cha mwaka mzima. Wanawake, waliovaa vyao vilivyo bora, huzunguka wakiimba na kurushiana maneno ambayo siku nyingine yasingevumilika. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto na mtu akiwa ndani yake, naye hutoka mbio akiwa salama, kuwa dalili kwamba mwaka unaoingia hautakuwa na maafa. Baada ya hapo watu hula pamoja, na ngoma huendelea kwa siku kadhaa.

Katika mila hiyo limo jambo ambalo wapangaji wetu wa utalii hawalitaji ipasavyo. Wenyeji wa Makunduchi huamini kwamba siku ya Mwaka kila nyumba yapasa iwe na mgeni, na kwamba asiye na mgeni hana heri. Hivyo mgeni hakuletwa Makunduchi na ndege za kukodi. Alikuwamo ndani ya sikukuu tangu zamani. Lakini alikuwa mgeni wa nyumba fulani, aliyekalishwa mkekani, akala chungu kimoja na mwenyeji wake, na jina lake likajulikana. Mgeni wa namna hiyo akitoka Rome au akitoka Kizimkazi ni mamoja. Yule ashukaye garini saa sita, akapiga picha za vijana wanaopigana na za wanawake asiowaomba ruhusa, kisha akapanda garini saa tisa kuwahi chakula cha hotelini kwake, hajawa mgeni wa mtu. Hatumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha mlango wa kuingilia.

Hapana budi tuseme pia juu ya siku yenyewe. Mwaka hufuata hesabu ya Nairuzi, hesabu ya jua yenye siku 365 isiyoongeza siku katika mwaka mrefu. Kwa sababu hiyo hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne ya kalenda ya kizungu. Katika karne ya 19 siku hiyo ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Leo huangukia Julai. Hesabu hii ni elimu, nayo ndiyo iliyowaongoza wakulima na mabaharia wa pwani hii katika kujua miongo, masika na pepo za misimu kabla ya ofisi ya hali ya hewa. Ikitokea siku moja ofisa, kwa nia njema kabisa, akashauri kwamba Mwaka ufungwe katika tarehe moja ili uingie vizuri katika vitabu vya matangazo, ajue kwamba atakuwa ameukata mti na kubakiza kivuli. Hali kadhalika mapigano ya migomba hayakuumbwa yamngoje mgeni rasmi amalize hotuba. Tunawaheshimu viongozi wetu, na kufika kwao Makunduchi ni heshima kwa wananchi; ila siku ile mwenye shughuli ni mzee wa mji, na kiongozi naye ni mgeni wa Mwaka.

Yasemwe haya mapema, maana wenzetu yamekwisha kuwafika. Mwezi Januari mwaka 2020, katika mji wa Gondar nchini Ethiopia, watu walikusanyika kwa sikukuu ya Timkat, ambayo Wakristo wa Kanisa la Orthodox huadhimisha ubatizo wa Yesu kando ya birika la kale la mfalme Fasilides. Mwezi mmoja tu nyuma yake UNESCO ilikuwa imeiingiza sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Jukwaa la mbao lililojengwa ili watu wakae na kutazama lilianguka, na watu wasiopungua kumi wakapoteza maisha. Birika lile limehudhuriwa na waumini kwa muda mrefu wakisimama chini kwa miguu yao. Kilichoanguka siku ile ni viti vya watazamaji.

Nchini Benin, Serikali ilikwisha kuitenga tarehe 10 Januari kuwa siku ya mapumziko kwa ajili ya dini za jadi tangu miaka ya 1990. Kuanzia mwaka 2024 sherehe za mji wa Ouidah zilipanuliwa na Serikali kuwa tamasha la siku kadhaa liitwalo Vodun Days, na muziki wa usiku ukaongezwa kuwavutia wageni wa nje, hasa wale watu weusi wa Marekani na Karibi wanaotafuta asili zao. Tunakiri kwamba mji ulipata watu wengi na biashara ilichangamka. Kwa wale waliotoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, ambao wazee wao walipakiwa melini kutoka pwani ile ile, safari hiyo si matembezi. Lakini tamasha linapokuwa la Serikali, ratiba nayo huwa ya Serikali, na kuhani huitwa afike saa aliyopangiwa. Hilo ndilo tunaloliogopea huku kwetu.

Sasa tuiangalie safari nyingine, ambayo haichapishwi katika vitabu vya matangazo.

Kila mwaka, juma la mwisho la Mfungo Sita, watu wa visiwa hivi hufunga safari kwenda Lamu kwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Hakuna kampuni inayowatangazia. Wengi wao ni watu wa kipato kidogo, wanawake kwa wanaume, waliojiwekea akiba mwaka mzima. Huvuka bahari hadi Dar es Salaam au Tanga, hupanda basi hadi mpakani Horohoro, hupita Lungalunga, hulala Mombasa, kisha hushika njia ya Malindi na Witu hadi Mokowe, na mwisho huingia mashuani kuvuka kwenda kisiwani. Huko Lamu hukutana na wenzao waliotoka Ngazija, Malindi, Mombasa, Tanga na Uganda. Hupokewa na watu wa Riyadha na katika nyumba za wenyeji. Husoma, huimba na kupiga matari usiku kucha, hufuata zefe mitaani, na huzuru kaburi la Habib Saleh. Kwa siku chache mji ule mdogo wenye njia nyembamba, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia, huwa mji mkuu wa pwani yote.

Na Habib Saleh mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa msafiri. Saleh bin Alawi Jamalilleyl alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, akaja Lamu akiwa kijana, akasoma, akafundisha. Alifungua darasa lake kwa watu ambao wakubwa wa mji wa wakati ule hawakuwahesabu, wakiwamo watumwa na wazao wao. Kitabu cha maulidi kinachosomwa Riyadha nacho kilisafiri kutoka Seiyun, Hadhramaut, kilipotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi. Walikuwapo wanazuoni waliokataa matari kupigwa msikitini, na ubishi huo haujesha hadi leo. Wapo wanaoyakataa maulidi yenyewe, kama vile wapo wasemao kwamba Mwaka Kogwa hauna nafasi katika dini. Hatumo katika ubishi huo, nao hauamuliwi na gazeti. Tunalosema ni kwamba tangu Habib Saleh alipofariki Maulidi ya Lamu hayajapungukiwa na watu, na yameendelea kwa sababu watu wa visiwa vingine hawakuacha kwenda. Mwenyeji huwasha taa, lakini mzuru ndiye atiaye mafuta.

Mafuta hayo yamekaribia kukauka mara zaidi ya moja. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni mwaka 2014, ambapo makumi ya watu waliuawa, amri ya kutotoka usiku iliwekwa katika Kaunti ya Lamu, na magari yakawa yakipita njia ile kwa msafara wenye askari. Serikali za nchi za Magharibi ziliwaonya raia wao wasiende, na hoteli za Lamu zikabaki tupu. Hapo ndipo tofauti ilipojidhihirisha. Mtalii akionywa, hubadili safari yake akaenda kwingine, wala hana kosa. Mzuru hana kwingine pa kwenda. Aliuliza njia, akangoja msafara wa askari, akenda. Nani basi ndiye tegemeo la sikukuu?

Twaleta swali hili mbele ya wakuu wa Serikali kwa sababu mizani imeinama upande mmoja. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, na ni haki Serikali kuwashughulikia, maana ndio wanaoleta fedha za kigeni. Wanasubiriwa uwanjani, huelekezwa, hulindwa. Lakini mama wa Pemba aendaye Lamu kusoma maulidi, je, hutendewa vipi? Hufika mpakani kama mtu yeyote mwenye furushi. Huulizwa anakwenda kufanya nini na atarudi lini, na asipokuwa na hati kamili hurudishwa, nusu ya nauli yake ikiwa imekwisha potea. Mara nyingi kosa ni lake, maana hakuelezwa mapema ni hati gani zitakiwazo. Hatudai mipaka ivunjwe wala sheria ilegezwe. Tunadai kwamba safari ijulikanayo majira yake, njia yake na watu wake ishughulikiwe kama safari ya Hija inavyoshughulikiwa: kwa kuandikishana mapema, kwa viongozi wa misafara wanaojulikana, na kwa mazungumzo kati ya maofisa wa pande mbili kabla ya siku zenyewe. Nchi hizi zimo pamoja katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Ikiwa Jumuiya haimfai mzuru wa Lamu, yamfaa nani?

Nasi wananchi tusijitoe. Zimekwisha ingia tabia za kumtoza mgeni wa Mwaka fedha kwa kila picha na kila kiti, na za kumwachia mtembeza wageni asiyezaliwa Makunduchi aeleze maana ya kile kibanda kinachochomwa, akieleza lolote limjialo kinywani. Wazee wa mji wangefaa waseme wenyewe, na nyumba zinazotaka mgeni zijulikane, ili mtu aliyetoka Ulaya apewe mwenyeji, chungu na mkeka, na alipe kwa mwenyeji huyo badala ya kulipa mlangoni. Vikundi vyetu vya maulidi ya homu vimekwisha kualikwa katika majukwaa ya Ulaya, navyo vilipokewa kwa heshima. Heshima hiyo haikosi kutushtua kidogo, kwani wako watoto wa hapa mjini walioyaona maulidi ya homu kwa mara ya kwanza katika filamu iliyopigwa nchi za nje.

Kuna sababu ya kuyatengeneza haya bila kuchelewa. Mwaka huenda kwa jua na Maulidi huenda kwa mwezi, na Mfungo Sita hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Kwa hesabu yetu, mwaka 2030 juma la mwisho la Mfungo Sita litaangukia mwezi ule ule wa Julai ambao Makunduchi wataukoga Mwaka, kwa kutegemea mwandamo wa mwezi. Vyombo vya baharini, mabasi ya Tanga na maofisa wa Horohoro watatakiwa kuwapeleka watu Lamu katika mwezi ule ule ambao barabara ya kusini Unguja itakuwa imejaa. Wanaohusika na bandari, uhamiaji na utamaduni wangekaa pamoja na wazee wa Makunduchi na viongozi wa misafara ya Lamu tangu sasa, wakaanza kwa jambo dogo kabisa, nalo ni kuziandika tarehe hizo mbili katika kalenda moja.