Akina Hassani wa Kusini na Kalamu za Wageni

Mtu akisimama siku ya Ijumaa mbele ya msikiti wowote wa pwani hii ya kusini, tangu Kilwa, akashuka Lindi na Mikindani, akapita hapa Madimba na Msimbati hata mlango wa mto Ruvuma, kisha akaita "Hassani!" kwa sauti ya kusikika, watageuka watu kadhaa kwa mara moja, huyu mvuvi, huyu mwenye shamba la mikorosho, huyu mtoto wa chuoni aliyekumbatia msahafu wake, na kila mmoja ataitika labeka akidhani aliyeitwa ni yeye. Mtoto hupewa jina hili siku ya akika, aghalabu kwa heshima ya babu aliyetangulia, na ndiyo maana bibi ambaye mumewe aliitwa Hassani humwita mjukuu wake mume wangu, akamtania na kumwekea kinofu cha samaki kilicho kizuri. Asili yake ni jina la mjukuu wa Mtume Muhammad, Hassan bin Ali, na kwa baraka hiyo halikupata kuchakaa tangu dini ilipoingia pwani.

Miongoni mwa watu hao wengi wamo waliopata umashuhuri, na kila ninapozikusanya khabari zao ili vijana wa huku wawajue masomo wao, jambo moja hunitia huzuni ambayo siwezi kuificha. Karibu wote wamehifadhiwa na kalamu za wageni. Walizaliwa kwetu, wakatawala au wakapigana au wakatunga mashairi kwetu, lakini mtu atakaye kuwajua hana budi afungue kitabu cha msafiri wa Maghribi, au majalada ya serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, au chapa ya Oxford.

Wa kwanza wao wote kwa umri ni Sultani Hassan bin Suleiman wa Kilwa, aliyetawala katika karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ilipopita mikononi mwa wafanya biashara wa kisiwa kile na kukifanya tajiri kupita miji mingine ya pwani. Kabla ya kushika ufalme alikwenda kuhiji, akakaa Aden akisoma elimu ya dini, na nduguye Daud akamshikia mahali pake hata aliporejea. Ndiye ambaye jina lake lilikutwa limechongwa katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali la ufuo, lenye vyumba vipatavyo mia na birika la pembe nane, ambalo hata leo, katika ubomofu wake, humfanya mtazamaji ashushe sauti. Sarafu ya shaba yenye jina lake iliokotwa katika miaka ya 1970 huko Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari, na kipande kile kidogo cha madini ni ushahidi tosha kwamba jina la Hassani wa kusini lilisafiri bara kabla ya Mreno yeyote kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaonana naye, na baada ya zaidi ya miaka 20, alipokuwa amerudi kwao Maghribi, akayasimulia aliyoyaona yakaandikwa. Asimulia kwamba sultani huyu alikuwa karimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Na kwamba Ijumaa moja, alipokuwa akitoka msikitini kurudi kwake, fakiri mmoja wa Yemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani alikubali papo hapo, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa yule fakiri zile alizoziomba. Mwana wa sultani alizikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Na sultani, aliposikia jinsi watu walivyokisifu kitendo kile, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi, na siku zote hustaajabia unyenyekevu wa mfalme aliyesimamishwa barabarani na maskini asikasirike. Lakini sitakuwa mwaminifu kwa msomaji nikiishia katika kustaajabu. Watu ishirini walitolewa siku ile kama vitambaa vinavyotolewa dukani, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa jina wala kabila wala mahali alikotekwa, ilhali nguo za sultani zimepewa sahifa nzima. Ihsani ya mtoaji ilihifadhiwa, na waliotolewa wakapotea. Mgeni aliandika kile kilichomjia machoni, naye alikuwa faqihi aliyezunguka dunia akitafuta wanavyuoni na wafalme wenye mikono myepesi, basi hao ndio aliowaona.

Haisemwi hapa kwamba wenyeji hawakujua kuandika. Kilwa ilikuwa na tarikhi yake yenyewe, iliyotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yenye nasaba za masultani na visa vyao. Na tazama ilivyotupata, kwamba nakala iliyobaki, iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877, imo London, na mwanafunzi wa Kilwa Masoko anayetaka kuiona kwa macho yake itambidi apande ndege.

Hassani wa pili anatutoka kwa namna ya uchungu zaidi. Hassan bin Omari, aliyejulikana kwa lakabu ya Makunganya, alikuwa mkuu mwenye asili ya Kiyao na bwana wa misafara katika bara ya Kilwa, ambaye hakukubali kwamba ushuru na njia za biashara vihukumiwe na bendera iliyoletwa na merikebu. Mwaka 1894 watu wake waliushambulia mji wa Kilwa. Mwaka uliofuata gavana wa Wadachi, Hermann von Wissmann, akampelekea jeshi, akakamatwa, na katika mwezi wa Novemba 1895 akanyongwa Kilwa Kivinje pamoja na baadhi ya wenzake. Mti walionyongewa ulikuwa mwembe, na mahali pale bado huitwa Mwembe Kinyonga, penye mnara wa kumbukumbu. Haya yalitukia miaka kumi kabla ya Vita vya Maji Maji, ambavyo kila mtoto wa shule anavijua, na mara nyingi nimejiuliza kwa nini mtoto huyohuyo, akiulizwa juu ya Makunganya, hunyamaza.

Jibu nililolipata ni hili: mengi tuyajuayo juu yake yametoka katika ripoti za maadui zake, na adui huandika mambo yanayomhusu, yaani idadi ya askari, siku ya kukamatwa, hukumu na kamba. Hata mashairi ya Kiswahili yaliyotungwa zama zile juu ya vita vya Wadachi yalichapwa kwa wingi Ujerumani, na watungaji wengine walikuwa na sababu za kumwogopa mtawala mpya. Ni mwalimu gani aliyemsomesha Hassan bin Omari? Mama yake alikuwa nani, maana kwa Wayao, ambao ukoo wao hufuatwa kwa mama, swali hilo ndilo la kwanza kuulizwa? Aliwaambia nini watu wake usiku ule waliposikia jeshi limefika? Kulikuwa na wazee Kivinje walioyajua majibu, nao waliishi miaka mingi baada ya kifo chake, na hapakuwa na mtu aliyeketi nao barazani na karatasi.

Hasani bin Ismail, mshairi, yeye hakuandikwa na mgeni, aliandika mwenyewe. Swifa ya Nguvumali ni utenzi wake, unaosimulia habari ya mganga maarufu aliyeitwa kuwafichua wachawi baada ya mauaji, na ndani yake mna Kiswahili cha kusini kilicho hai, chenye hofu za watu wa kawaida na desturi zao. Hata hivyo utenzi huo ulifika duniani mwaka 1968 kwa kuwa Mwingereza Peter Lienhardt, mtaalamu wa mila za watu, aliuhariri na kuufasiri, na Clarendon Press ya Oxford ikauchapa. Namshukuru Lienhardt kwa moyo mweupe, kwani bila yeye huenda utenzi ule ungeliwa na mchwa ndani ya sanduku. Lakini kitabu cha Oxford hakikuchapwa kwa ajili ya mnunuzi wa Mtwara, na matokeo yake ni kwamba mshairi mmoja wa kwetu husomwa na wanavyuo wa Ulaya, na katika shule zilizo karibu na alikotungia jina lake halijulikani.

Yuko pia Rashid bin Hassani, ambaye jina letu limekaa kwake mahali pa baba. Huyu alikuwa mtoto wa Kibisa, katika nchi iitwayo sasa Zambia, akatekwa angali mdogo, akaletwa Unguja utumwani, na majina ambayo dunia inamjua kwayo ni majina ya pwani. Kisa cha maisha yake kilichapwa mwaka 1936 katika kitabu cha Margery Perham juu ya Waafrika kumi. Nimtajapo namkumbuka yule fakiri wa Yemeni na watumwa wake ishirini, kwa kuwa angalau mmoja katika maelfu ya watu wa aina ile alipata kusema kwa kinywa chake kilichompata, na mtu aliyekuwa na kalamu akamsikiliza.

Watu watanijibu kwamba zama zimebadilika, na kwa sehemu ni kweli. Mzee Ali Hassan Mwinyi, mwana wa Hassan, Rais wa awamu ya pili kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2021, Mzee Rukhsa, akakitoa kwa Kiswahili, na alipofariki tarehe 29 Februari 2024 hatukuhitaji kwenda kwa mgeni yeyote kuuliza utoto wake ulikuwaje. Mwanawe Hussein ni Rais wa Zanzibar tangu mwaka 2020. Na Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa mwezi Machi 2021, hulibeba jina lilelile mwishoni mwa majina yake. Lakini Ikulu haipungukiwi waandishi. Ninaowahofia ni akina Hassani wa vijijini, manahodha, masheikh wa madrasa, mafundi wa majahazi, waganga wa mitishamba, wachonga vinyago, ambao umashuhuri wao hauvuki tarafa mbili, na ambao wakifa hufa pamoja na khabari zao.

Hapa Madimba jambo hili limekuwa zito kuliko zamani. Tangu mwaka 2015 gesi ya Mnazi Bay husafishwa kijijini kwetu kabla ya kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na popote ardhi inapopata thamani ya ghafla, maswali ya nasaba huja yakiandamana nayo: shamba hili la minazi lilikuwa la Hassani yupi, naye alilipata kwa mjomba au kwa baba, na nduguze waliovuka Ruvuma wakabaki upande wa Msumbiji wana fungu au hawana? Wamakonde hufuata ukoo wa mama, sheria ya mirathi ya Kiislamu ina hesabu yake, na fomu za serikali zina nafasi ya majina matatu tu yafuatayo upande wa baba. Mambo hayo matatu yakikutana mezani, na wazee waliokuwa wakiyasuluhisha kwa kumbukumbu wameshazikwa, ugomvi hauepukiki. Wageni wamekuja tena na kalamu zao, wahandisi na wathamini na watafiti, na kila mmoja ataandika alichotumwa. Siwalaumu. Lakini hakuna aliyetumwa kuandika kwamba Hassani fulani alikuwa nahodha aliyeijua miamba ya Msimbati usiku bila ya taa, au kwamba mkewe ndiye aliyewasomesha Kurani nusu ya watu wa kijiji.

Ninalotaka si mnara wala tamasha. Nataka kila shule ya kata hii na za jirani iweke daftari moja nene la jalada gumu, na wanafunzi wa darasa la sita na la saba, chini ya mwalimu wa historia, wapewe kazi ya kuwaendea wazee wa jina moja, waanze na akina Hassani kwa kuwa ni wengi, waulize na kuandika: mtu huyu alipewa jina la nani, babu yake alitoka wapi, mama yake ni wa ukoo gani, alifanya kazi gani, alisafiri hata wapi, alifundishwa na nani naye akamfundisha nani. Waandike kwa Kiswahili cha hukuhuku, pamoja na maneno ya Kimakonde na Kimakua mahali ambapo mzee ameyatumia, wasiyasafishe. Wanawake waulizwe sawasawa na wanaume, maana aghalabu bibi ndiye anayejua mtoto alipewa jina la nani na kwa nini. Na wakikuta katika nasaba ya mtu babu aliyeletwa pwani akiwa mtumwa, wasilifiche jambo hilo wala wasilitangaze bila idhini ya wenyewe. Waliandike kwa adabu, kwani aibu ni ya aliyeuza.

Gharama yake ni daftari, kalamu na saa mbili za jioni. Nakala moja ibaki shuleni, ya pili ofisi ya kijiji, na ya tatu ipelekwe maktaba ya mkoa pale Mtwara mjini, ili mchwa wakiila moja na mvua ikaichukua nyingine, ibakie ya tatu. Afisa elimu wa wilaya aweza kuliagiza jambo hili kwa waraka mmoja, na walimu waweza kulianza hata kabla ya waraka huo. Mpaka mwisho wa likizo ya Desemba kata ya Madimba peke yake yaweza kuwa imejaza daftari lake la kwanza, na wazee watakaosubiriwa hata mwaka ujao huenda wasiwepo.