Mwanga Wangu, Hewa ya Jirani

Ndugu msomaji, kwa miaka mingi taa za Mtwara zimewashwa na mitambo midogo ya gesi asilia inayotoka Mnazi Bay. Tumshukuru Mungu kwa zawadi hiyo. Gesi haitoi masizi kama dizeli, na kwa umeme uleule hewa ukaa yake ni karibu nusu ya ile ya makaa ya mawe.

Lakini nafuu si usafi. Mtambo wa gesi bado hutoa hewa ukaa, na oksidi za naitrojeni ambazo huumiza mapafu. Tena hazionekani kwa macho, ndiyo maana tunazisahau.

Mwanasheria alimuuliza Yesu jirani yake ni nani (Luka 10:29). Kwetu, jirani ni mama anayelea watoto kando ya uzio wa mtambo. Hewa anayovuta ipimwe, naye aelezwe majibu kwa lugha anayoielewa. Viongozi wasingoje watu wakohoe ndipo wapime.

Leo ukiwasha taa, shukuru. Kisha uliza: jirani yangu anapumua nini? Jumapili njema.