Tanzanaiti ikatwe na mafundi wetu

Tanzanaiti huchimbwa Mirerani, Tanzania, tu duniani kote, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mawe yake ghafi imekuwa ikikatwa Jaipur, India. Huko ndiko faida inakobaki, kwa sababu thamani ya kito imo mikononi mwa mkataji. Jiwe hili huonyesha buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine; fundi huligeuzageuza kwenye mwanga na kuamua uso wa juu ukae wapi kabla ya kuligusisha kwenye diski yenye unga wa almasi. Akikosea pembe, rangi hufifia. Akikandamiza mno, jiwe hupasuka, maana si imara kama yakuti.

Wapo wanaosema Jaipur ina gharama nafuu na uzoefu mkubwa. Ni kweli kwa mawe madogo yanayokatwa kwa maelfu. Lakini pete ya kuagiza huhitaji jiwe moja lililochongwa kwa kipimo chake, na hapo umahiri hushinda wingi. Uzoefu nao hauzuki tu. Hujengwa kwa mafunzo. Kituo cha Jemolojia Arusha hufundisha kazi hii. Serikali ikipanue, na masonara wetu wanunue mawe yaliyokatwa nyumbani.