Mnenguaji, pikipiki ya umeme na mlango uliofungwa mapema

MWAKA 1929 mnenguaji aliyekuwa akijaza kumbi za Paris, Hellé Nice, aliumia goti akiteleza kwenye theluji. Kwa mtu wa jukwaani goti ndiyo ajira yenyewe. Wengine wangerudi kijijini kulia. Yeye akapanda gari la mbio.

Juni mwaka huohuo akashinda mbio za wanawake Montlhéry, nje kidogo ya Paris. Kabla ya Desemba kwisha alikuwa ndani ya Bugatti akiweka rekodi ya kasi ya wanawake kwenye uwanja uleule. Miaka michache baadaye, mwanadada huyo aliyezaliwa Hélène Delangle alikuwa anakimbizana na wanaume kwenye Grand Prix, akifika, akipigwa picha, akilipwa. Hakupitia akademi. Hakuwa na baba mwenye timu wala mjomba mwenye gereji. Alikuwa na mwili uliozoea kutii, roho isiyoogopa macho ya watu, na bahati moja kubwa: mchezo wenyewe ulikuwa bado mchanga, na mlango ulikuwa wazi.

Bahati hiyo ndiyo inayokosekana leo kwenye mbio ambazo wengi waliziita za kesho, yaani mbio za pikipiki za umeme.

Ipo hivi. Septemba 2025, wikiendi ya mbio za Misano, Shirikisho la Mchezo wa Pikipiki Duniani (FIM) na Dorna, wanaoendesha MotoGP, walitangaza kuwa mashindano ya dunia ya pikipiki za umeme, MotoE, yanasimama baada ya msimu huo. Neno lililotumika ni mapumziko. Wadau wa mchezo wanajua mapumziko ya namna hiyo huwa marefu kiasi gani. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: mashabiki hawakujaa kama ilivyotarajiwa, na soko la pikipiki za umeme zenye kasi kubwa halikukua kama viwanda vilivyodhani. Msimu ukamaliziwa Portimão, Ureno, mwezi Novemba. Alessandro Zaccone wa Italia akabeba taji la mwisho, na taa zikazimwa.

Wapo waliosema ni sawa tu, zile hazikuwa mbio. Pikipiki isiyonguruma ni kama ngoma isiyo na mpigaji. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini haimalizi kesi.

LITA MBILI TU

Tatizo la kwanza halikuwa kelele. Lilikuwa betri.

Ducati V21L, pikipiki iliyotumika MotoE kuanzia 2023, ilikuwa na betri ya uwezo wa kilowati-saa 18 yenye uzito wa kilo 110. Ukipiga hesabu ya haraka, nishati hiyo ni kama ya lita mbili za petroli. Lita mbili! Pikipiki ya MotoGP inaingia uwanjani na tangi la lita 22. Ni kweli mota ya umeme haipotezi nguvu kwenye joto kama injini, kwa hiyo lita mbili zake zinakwenda mbali kuliko lita mbili za petroli. Hata hivyo pengo halizibiki. Ndiyo maana mbio za MotoE zilikuwa za mizunguko saba au minane hivi, wakati wakubwa wanazunguka zaidi ya ishirini. Shabiki anakaa vizuri, anafungua soda, mbio zimekwisha.

Halafu kuna uzito. V21L ilikuwa na kilo 225. Pikipiki ya MotoGP inaruhusiwa kushuka hadi kilo 157. Tofauti ni karibu kilo 70, sawa na kubeba abiria. Na bado Ducati hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 150 na iligonga kilomita 275 kwa saa Mugello. Kwa mashine yenye mzigo ule, wahandisi wa Bologna walifanya kazi ya heshima.

Safari yenyewe ilianza kwa mkosi. Machi 2019, wakati wa majaribio Jerez, Hispania, moto uliwaka usiku kwenye hema la MotoE na kuteketeza pikipiki zote 18 za Energica zilizoandaliwa kwa msimu wa kwanza. Watu wakadhani imeisha kabla haijaanza. Energica wakaunda nyingine, na Julai mbio zikapigwa Sachsenring, Ujerumani, ambako Niki Tuuli wa Finland aliingia kwenye vitabu kama mshindi wa kwanza. Kampuni iliyofufuka namna hiyo kutoka kwenye majivu haikufika mbali: Oktoba 2024 Energica ilifilisika.

Si mara ya kwanza kwa umeme kukwama. Kisiwa cha Man, ambako mbio za barabarani ni kama dini, kilikuwa na TT Zero kuanzia 2010. Mwaka 2012 Michael Rutter alivuka wastani wa maili 100 kwa saa kwenye mzunguko mmoja, na 2019 akafika karibu maili 122. Kasi ilipanda. Idadi ya waliojitokeza kushindana haikupanda. Baada ya 2019 mbio hizo zikasimamishwa, nazo kwa lugha ya mapumziko, na hazijarudi.

Kwa hiyo mara mbili mashine imekuwa ikiongeza kasi huku mchezo wenyewe ukififia. Hapo ndipo swali la Hellé Nice linapoingia.

MWILI UNAOJUA KONA

Mtu asiyefuatilia anadhani mwendesha pikipiki amekaa. Hajakaa. Kwenye kona ya kasi pikipiki inalala kupita nyuzi 60, na aliye juu yake ameshatoa nusu ya makalio nje ya kiti, goti la ndani linagusa lami, paja la nje limebana tangi, kichwa kimeshuka hadi usawa wa mkono. Sekunde chache mbele anatakiwa kuhamisha mwili wote upande wa pili bila kuitikisa pikipiki. Akichelewa kidogo, mwereka. Akiwahi kidogo, mwereka. Anarudia hivyo kila kona, kila mzunguko, kwa mpangilio uleule, huku moyo ukidunda kama wa mkimbiaji.

Anayeijua kazi hiyo bila kufundishwa upya ni mcheza dansi. Kiuno, kifundo cha mguu, kukariri hatua mia moja na kuzirudia usiku kwa usiku, kujua mwenzako yuko wapi bila kugeuka kumtazama: hayo ni mazoezi ya jukwaani, na ndiyo mahitaji ya uwanjani. Na pikipiki ya umeme inamsogelea zaidi mtu wa aina hiyo. Haina gia za kubadilisha wala klachi ya kubana. Zile nguvu zinazomwagika mfululizo zinamwachia aliye juu kazi moja ngumu, kuuhamisha mwili na kuusikiliza mkono wa kulia. Wengi waliopita MotoE wamesimulia kwamba bila mngurumo wa injini walisikia vitu ambavyo hawakuwahi kuvisikia: tairi likilia, plastiki ya goti ikisugua lami, mwenzako akija nyuma yako.

Ila isitiwe chumvi. Viungo laini havimfanyi mtu kuwa Márquez. Marc Márquez alikuwa juu ya pikipiki akiwa mtoto wa miaka minne, mitano hivi, na wengi wa rika lake ni hivyohivyo. Wanafika miaka 20 wakiwa wameshaanguka mara zisizohesabika na kujifunza kila namna ya kuanguka. Mnenguaji anayeanza na miaka 25 hawezi kuinunua miaka hiyo. Anachohitaji ni mchezo ambao hakuna mwenye miaka hiyo, ambao wote wanaanza darasa la kwanza. Gari la mbio la miaka ya 1920 lilikuwa karibu na hapo. Pikipiki ya umeme ingeweza kuwa.

Je, MotoE ilikuwa hivyo? Kusema ukweli, hapana. Hapa ndipo wakubwa walipokosea, na kosa lenyewe halina uhusiano na betri. Mchezo mpya ulikabidhiwa kwa timu zilezile za MotoGP, nao wakaweka watu walewale. Jordi Torres, bingwa wa 2020 na 2021, alishapita Moto2 na Superbike. Dominique Aegerter, bingwa wa 2022, naye alikuwa mkongwe wa Moto2. Ni vichwa vikubwa, hakuna ubishi. Lakini nafasi nyingi zilikwenda kwa wanaoelekea kustaafu au vijana waliokosa kiti kwingine. Mchezo wa kesho ukawa chumba cha kusubiri. Shabiki wa kawaida akatazama akaona nyuso anazozijua, mizunguko michache na kimya. Kwa nini abaki?

Mfano wa pili ulikuwepo na ulionesha njia nyingine. Kombe la dunia la E-Xplorer, la pikipiki za umeme za njia za udongo na vikwazo, lilipoanza 2023 lilikuja na sharti kwamba kila timu iwe na mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, na pointi zao zinajumlishwa. Sharti moja dogo, na timu nzima inalazimika kutafuta mwanamke mwenye kasi, kumlipa na kumfanyisha mazoezi, kwa sababu akishindwa yeye wanashindwa wote. Bila sharti kama hilo, timu inaendelea kumpigia simu inayemjua.

HERRERA NA HESABU ZAKE

María Herrera ndiye anayeonesha gharama ya jambo hili. Mhispania huyu alishinda mbio za Moto3 za ubingwa wa CEV mwaka 2013 akiwa kijana kabisa, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Akaingia Moto3 ya dunia. Kisha fedha na viti vikawa vigumu. MotoE ilipoanza 2019 alikuwa mwanamke pekee kwenye mstari, na kwa miaka iliyofuata pikipiki ya umeme ndiyo iliyomweka ndani ya boma la MotoGP, wikiendi ileile, uwanja uleule, mbele ya mabosi walewale.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Kwenye mchezo huu anayepata kiti ni anayeonekana. Ukiwa kwenye mashindano mengine, wiki nyingine, uwanja mwingine, hakuna bosi wa MotoGP anayepita mbele ya gereji yako akielekea kunywa kahawa.

Ni haki kusema kuwa wanawake hawajaachwa mikono mitupu. Juni 2024 FIM na Dorna walianzisha ubingwa wa dunia wa wanawake, WorldWCR, unaotembea na Superbike. Ana Carrasco, yule aliyekuwa bingwa wa dunia wa Supersport 300 mwaka 2018, alichukua taji la kwanza, Herrera akawa wa pili. Ushindani ni wa kweli. Lakini yapo mashaka yanayosemwa chini chini: ukiwatengea wanawake uwanja wao, timu za wanaume zinapata kisingizio cha kutowatafuta. Carrasco alitwaa lile taji la 2018 akiwapiga wanaume, kwa tofauti ya pointi moja. Ushindi kama huo hauwezi kutokea kwenye mashindano ambayo wanaume hawamo.

Wakati mbio zikizimwa Ulaya, pikipiki za umeme zenyewe hazijafa. Kigali, ambako serikali ilitangaza kuwa pikipiki mpya za kubeba abiria kuanzia 2025 ziwe za umeme, dereva anafika kituoni, anatoa betri iliyokwisha, anaweka iliyojaa, anaondoka. Nairobi nako bodaboda za namna hiyo zinaongezeka. Soko lipo, ila liko kwa wanaokwenda taratibu na kurudi nyumbani na faida. V21L isingeweza kufanya hivyo, kwa sababu betri yake ilikuwa sehemu ya fremu. Ukiing'oa umeing'oa pikipiki. Ilibidi ichajiwe karibu dakika 45 kufika asilimia 80. Viwanda vilitaka mbio ziuze pikipiki kubwa za bei ya gari. Wanunuzi waliojitokeza ni wa bodaboda, na hao hawanunui chombo kwa kutazama Mugello.

Kwa hiyo anayetaka kufufua mbio za umeme itabidi aanzie chini: pikipiki nyepesi, njia fupi za udongo, betri ndogo, na sharti la timu mchanganyiko. Huko kilo 110 za betri si lazima, na mtu wa miaka 25 aliyetoka jukwaani hajachelewa sana.

Hellé Nice mwenyewe hakumaliza vizuri. Alipata ajali mbaya São Paulo mwaka 1936 iliyoua watazamaji, akakaa siku kadhaa bila fahamu. Mwaka 1949 dereva mwenzake, Louis Chiron, alimsimamia mbele za watu na kumtuhumu kuwa alikuwa wakala wa Gestapo. Ushahidi haukuletwa, wadhamini wakamkimbia. Alikufa mjini Nice mwaka 1984, maskini. Hakukuwa na shirikisho, timu wala mkataba wa kumsemea; mlango uliokuwa wazi wakati wa kuingia ulikuwa wazi pia wakati wa kutupwa nje.

Herrera ana mkataba, ana shirikisho, ana mashindano yenye jina la dunia. Oktoba 2025, Jerez, alichukua ubingwa wa WorldWCR, taji lake la kwanza la dunia. Ilikuwa mwezi mmoja baada ya tangazo la Misano, kwenye uwanja uleule ambako pikipiki 18 ziliungua. Chombo alichopanda siku hiyo kilikuwa Yamaha R7, ya petroli.